Viputo Katika Beseni

Leo wamemkatia keki Profesa Wietske Dijkema,
na mkuu wa kitivo amesoma hotuba
yenye tuzo zote na tarehe zote,
bila kulitaja beseni.

Mimi, Jelmer, muosha vyombo na mpika jeli
wa maabara yake kwa miaka ishirini na sita,
nilisimama dirishani nikiliwaza.

Lilikuwa la bati, limeliwa na kutu ukingoni,
katika karakana ya baba yake, Groningen,
nyuma ya mfereji, ambako mtaa mzima
ulileta baisikeli zenye pancha.
Mzee aliitia tyubu upepo, akaizamisha,
akaizungusha taratibu kati ya vidole.
"Nyamaza," alimwambia binti.
"Tundu haliongei. Linapumua."
Kisha kiputo kimoja, chembamba, kikapanda.
Msasa. Gundi. Kiraka. Kidole gumba.
Gundi ile ilinukia tamu.

Alinisimulia haya usiku, mwaka wangu wa kwanza,
tukingoja umeme uvute vinasaba ndani ya jeli.
Seli iliyo nzima hubaki duara, mwezi mpevu;
iliyovunjika huota mkia,
vipande vyake vikikimbilia upande wa chanya,
nyotamkia chini ya hadubini.
Kazi yetu ilikuwa kupima mikia.
Maelfu. Mikia tu.

Seli huvunjika kila siku, alisema,
na mna mafundi humo wasiolala:
wanakata, wanajaza, wanashona.
Saratani si kule kuvunjika.
Saratani ni kiraka kilichobandikwa upogo
na baisikeli ikaendelea kwenda.

Alimtafuta fundi mmoja, protini yenye namba tu,
miaka kumi na moja.
Mwaka wa tisa tulimpata! Seli zilizomkosa
zilitoa mikia mirefu ajabu. Makala ikachapishwa.
Mpaka jioni moja ya Novemba nikang'amua
kwamba trei ya seli zile hulala juu ya meza yangu
chini ya taa ninayosahau kuizima,
na zile nzima hulala kabatini.
Taa ndiyo iliyovunja. Taa yangu.

Nilimwendea ulimi ukiwa risasi.
Hakufoka. Aliuliza taa ni ya wati ngapi,
akaandika,
akaiondoa makala kwa jina lake, si kwa langu.
"Basi," alisema, "tumejua jambo moja kuhusu taa."

Wiki ileile mzee alilazwa. Saratani ya damu.
Daktari aliuliza kazi yake, kisha akauliza gundi,
ya zamani, ya kopo, ilikuwa na benzini?
Wietske akatazama sakafu.
Huwezi kuapa kwa mgonjwa mmoja, aliniambia baadaye,
mmoja si hesabu.
Lakini kopo alilileta, tupu, akaliweka rafuni
juu ya madaftari yetu.
Husemwa usipoziba ufa utajenga ukuta.
Yule aliziba nyufa za mtaa mzima,
na kila alipoziba alivuta pumzi.

Nikajitia ujuzi: tupime seli zake?
"Yule ni baba," alisema. "Si sampuli."

Fundi wetu tulimpata kweli, miaka mingi mbele,
mdogo kuliko tulivyomdhania.
Ana mistari minne katika kitabu cha watu wengine.
Mkuu wa kitivo aliisoma yote minne.

Ila katika sanduku la mwaka ule wa Novemba
kuna kioo kimoja kisicho na namba,
kimefungwa kwa karatasi, mwandiko wake: *usitupe*.
Nimekitazama mara moja.
Mikia yake sitaieleza.

Sasa wamekwenda. Amepanda baisikeli mvuani,
hakugeuka, hakuwa mtu wa kugeuka.
Naosha visahani vya keki.
Kikombe kinazama, kinatoa kiputo kimoja.
Mikono inasita yenyewe majini.
Natafuta kilikotoka.