Nne na Ushei

Flashi imeandikwa sitini na nne.
Nimeichomeka ofisini, Tandahimba,
kwenye kompyuta ya chama cha msingi,
nayo ikasema: hamsini na tisa nukta sita.

Mimi karani, msimu wa kumi na moja huu.
Najua gunia hutoka shambani na kilo themanini
likafika ghalani na sabini na nane,
na watu wazima wakatamka "unyaufu"
bila kupepesa jicho.
Nikavaa kandambili, mbio hadi dukani kwa Lukwembe.

"Nne na ushei ziko wapi?"

Hakubisha. Akachota korosho mfukoni,
akaweka moja juu ya kioo cha meza.
"Mashine haina vidole kumi kama wewe.
Inajua ipo, inajua haipo. Basi."
Akaongeza, zikawa mbili. Nne. Nane. Kumi na sita.
Kwenye thelathini na mbili mfuko ukakauka,
akaendelea kwa mdomo, macho kafumba,
akizidisha maradufu
hadi mara ya kumi:
elfu moja na ishirini na nne.

"Hiyo ndiyo kilo yake. Kiwandani wanahesabu elfu kavu.
Hakuna mwongo hapo. Ila jina walichangia."

Nikamkumbuka baba, mwaka ule wa njaa:
bakuli la mnunuzi liliitwa kilo,
na kilo yenyewe ikazama humo, ukingo usionekane.
Tukalipa bakuli jina lake, kangomba,
ili anayeibiwa ajue anaibiwa kwa kipimo gani.

"Na hawa wamelipa lao," akasema Lukwembe.
"Kibibaiti. Mebibaiti. Gibibaiti."

Kibibaiti!
Utadhani kibibi kimoja cha Kitangari, kimekonda,
kumbe kinaizidi kilobaiti kwa ishirini na nne;
na pengo halitulii,
linanona kwenye mega, linanona kwenye giga,
ukifika tera limekaribia fungu la kumi.

Nikanunua chai, tukala ushahidi wote mezani.

Jioni niliandika daftarini:
Flashi, moja. Kwa elfu, 64. Kwa mashine, 59.6.
Unyaufu: hakuna.

Mstari ulio juu yake ni wa Somoe Mnalidi.
Shambani themanini. Ghalani sabini na nane.
Mwandiko ni wangu.

Kilo ya Somoe haina jina la pili.