Mafuta Hayazai

Mama aliuza mafuta ya taa Korogwe
kwa kikopo cha bati, kipimo cha robo.
Wenzake walibonyeza vitako vya vikopo vyao,
pigo moja la nyundo, mteja asione.
Yeye alikigeuza chake juu chini mbele ya kila mnunuzi:
"Tazama kitako."

Leo niko Yellowknife,
nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri,
na harufu ni ile ile.
Ndege nazo hunywa binamu wa mafuta ya taa.

Jana usiku tuliisukuma hii bandani, bawa jeupe kwa barafu.
Geji ya tangi la kushoto: pauni mia nne na kumi.
Asubuhi, joto limeshapenya hadi mbavuni mwa bati,
geji inasema mia nne na sitini.
Hakuna aliyemimina. Hata tone.

Fundi Delphine Mercredi akavua glavu kwa meno.
"Mafuta hayazai," akasema,
kwa Kiingereza chake cha puani,
nami nikaisikia kwa Kiswahili.

Rubani Pruden, begi begani:
"Hamsini za bure, mnazikataa?
Kuna mjamzito ananingoja Fort Simpson."

Delphine aliinama chini ya bawa na chupa ya kioo,
akabonyeza vali.
Yakatoka maji kwanza.
Yalijiviringisha chini ya mafuta kama macho ya samaki.

Mle tangini mna mrija ndani ya mrija,
na kati yake upenyo usiozidi upana wa ukucha.
Umeme dhaifu, dhaifu makusudi usije ukazaa cheche,
huuliza upenyo ule: umebeba nini?
Hewa hunong'ona. Mafuta husema.
Maji hupiga kelele,
na geji, karani mtiifu, huandika ilichosikia.
Usiku barafu ilikuwa imelala kimya. Joto likaiamsha.

Tukakamua tangi mpaka maji yakaisha.
Tukapapasa waya inchi kwa inchi, ala yake isiwe imechubuka,
maana tangi tupu ndilo la kuogopwa:
lina mvuke, na mvuke hauna subira.

Kisha nikapanda bawani na kijiti cha kupimia.
Nikasoma, nikapima baridi ya mafuta,
nikageuza lita kuwa uzito, mara mbili, kwa penseli.
Geji na kijiti vikapishana pauni kumi na mbili.
"Karibu sawa," nikasema.

Pruden alishaanza kufunga zipu ya koti.

"Na hicho kijiti," akauliza Delphine,
"nani amekipima?"

Nikakigeuza juu chini.
Ncha imelika, kiasi cha punje ya mchele,
kwa miaka ya kugonga sakafu ya matangi.

Niliishika ile ncha muda mrefu kuliko ilivyohitajika.
Halafu nikashuka ngazi kwenda stoo
kutafuta kijiti kingine.