Daftari la Vilivyoteketezwa

Stoo yetu iko nyuma ya wodi ya tatu,
mlango wa bati, kufuli mbili:
ufunguo mmoja ninao mimi, wa pili anao Matroni Kabula,
asiwepo mtu wa kubaki peke yake
na siri za Tabora nzima.

Humo mna mapafu ya wakausha tumbaku wa Urambo,
nyonga ya mrina asali aliyeporomoka na mzinga huko Sikonge,
mguu wa mtoto uliopinda kama upinde,
na juu ya kila bahasha namba, jina, tarehe,
wino umefifia ukawa rangi ya chai.

Mchwa hawasomi mwongozo.
Walianza na rafu ya M,
wakawala akina Maganga, akina Masanja, akina Mihambo,
wakatuachia pini.

Mwaka juzi nilinunua karanga sokoni.
Nimetafuna nusu ndipo naona mwandiko wa daktari
kwenye karatasi iliyozifunga:
jina, umri, mtaa Isevya, majibu ya damu.
Namfahamu. Alinishonea gauni la ubatizo wa mwanangu.
Karanga zikageuka mchanga mdomoni.
Nikanunua beseni zima, na rundo la karatasi chini yake,
nikarudi kazini nimejitwika kichwani
aibu ya watu arobaini na mmoja.

Tangu siku ile hatutupi. Tunateketeza.

Kwanza tunachambua, mimi na Matroni, tumekaa chini, miguu imenyooshwa:
hili lina kesi, libaki.
Huyu bado anakuja kliniki, libaki.
Huyu alizaliwa humu humu, hajawa mtu mzima,
asije siku moja kuuliza akakuta majivu.
Na hawa, miaka yao imetimia.
Tunasoma majina kwa sauti, hakuna aliyetuagiza.
Karatasi zinakatwa vipande vya ukucha,
Ngassa anazipeleka tanurini, anasimama hapo hapo
hadi cha mwisho kiishe.

Filamu haziendi motoni.
Zinalazwa kwenye pipa la dawa,
mbavu zinalegea, moyo unatoka kama doa la mchuzi,
fedha inashuka chini, tope jeusi,
unabaki na kipande cheupe unachoweza kutazamia mvua.
Alikuja mfanyabiashara akizitaka nzima, usiku, kwa bei nzuri.
"Mama, plastiki tu hizi."
Nikainua moja dirishani.
Plastiki hii, nikamwambia, ilikohoa damu.

Jumatatu akaja Mhoja Lubasha,
baiskeli kutoka Uyui, kadi ya kliniki ndani ya mfuko wa nailoni.
Mkewe alipigwa eksirei hapa, zamani, kabla hajafa.
"Picha nyingine hatukuwahi kupiga.
Ile ya kifua ndiyo hiyo hiyo."

Nilifungua daftari nikijua.
Mstari wa mia mbili na kumi na nane:
namba, jina, Machi, imeteketezwa, sahihi mbili.
Nikamwambia. Habari za pipa sikumwambia.

Hakupiga kelele. Aliuliza kama anaweza kuuona mstari wenyewe.
Akaweka kidole, akasoma polepole, midomo ikitembea,
kisha akasema, "Mmeandika Nyamisi.
Ni Nyamizi."

Sasa daftari hili halifutwi.
Haling'olewi ukurasa, halina mwaka wa kufa,
kila kilichomo stoo kina zamu yake ila hili,
na marekebisho ni ya kikao, mbele ya mashahidi.

Nikachukua kalamu.
Nikaikata S kwa mstari mmoja, ili ionekane ilikuwepo,
nikaandika Z juu yake,
pembeni sahihi yangu na tarehe.
Akainama akipuliza wino
kama mtu anayepoza uji wa mgonjwa.

Matroni nitamweleza kesho.