Nusu Mzunguko

Mwalimu Shemboko alikuja na Starlet yake nyeupe,
ile L nyekundu ya wanafunzi imepauka mgongoni,
akasimama kibandani kwangu, Barabara ya Kumi na Nne,
akasema: Spika zinapiga ngumi.
Pa! Halafu taarabu inaendelea
kana kwamba hakuna aliyepigwa.

Nikamwambia asinitajie ugonjwa, anitajie saa.
Inapiga lini?
Basi tu, inapojisikia.
Hakuna waya unaojisikia, Mwalimu.

Nikahamisha: ya kushoto kulia, ya kulia kushoto.
Pa ikapiga kotekote, haina upande.
Nikagusisha nyaya za spika na betri ya tochi:
tik, safi, ngozi ikapanda ikashuka
kama kifua cha mtoto aliyelala.
Spika nikaziomba radhi.

Nikazima injini, nikaacha redio. Bado.
Basi si plagi, si altaneta.
Indiketa, kimya. Wipa, kimya. Honi
ikaamsha kuku wa Bi Mwanamvua Kilua, na yeye mwenyewe,
na alichosema hakiandikiki.
Mwalimu, kanyaga breki.
Pa!
Achia.
Pa, ndogo, ya kuaga.

Nikang'oa siti ya nyuma. Chini yake
mchanga wa Raskazone, kokwa za ubuyu, kalamu saba,
na bolti moja ya namba kumi
imebana nyaya mbili za ethi,
wa amplifaya na wa taa za breki:
wapangaji wawili, choo kimoja.
Kutu imeota hapo. Mji huu hewa yenyewe inalamba vyuma.
Taa zikiwaka umeme unakosa pa kushukia,
unapitia kwa jirani, na haupigi hodi.

Msasa. Grisi kidogo. Amplifaya nikaipa bolti yake.
Breki: kimya. Kimya. Kimya.
Mwalimu akatoa elfu kumi na mbili
kama mtu anayelipia jino.

Jumatano akarudi, uso umemshuka.
Fundi, nirudishie.
Nini?
Pa yangu.

Nikacheka. Hakucheka.
Macho yangu yapo barabarani, akasema,
miguu ya mwanafunzi siioni, kule chini giza.
Ikipiga pa, najua ameshika breki.
Miaka sita, na sikujua kama nilikuwa najua.
Jana, na binti mmoja wa Pongwe, kona ya Chumbageni,
nikasubiri sauti, haikuja,
nikadhani hakanyagi, nikakanyaga ya upande wangu,
tukasimama mara mbili kwa mpigo,
na nyuma yetu pikipiki ya mikate.
Mikate bado wanaiokota.

Mimi nimejifunza kuondoa ugonjwa,
kuurudisha sikufundishwa.
Nikasema nitakufungia kengele ndogo, elfu tatu tu.
Akatikisa kichwa:
Hiyo itanipigia kelele. Ile ilikuwa inanigusa bega.

Basi nikang'oa siti tena.
Nyaya mbili, bolti moja, kama zamani.
Nikakaza mpaka mwisho. Kanyaga: kimya.
Nikalegeza robo. Kimya.
Nusu.

Pa,
ya chinichini, ya mtu anayekohoa
ili ijulikane yupo.

Sikumtoza. Kwenye daftari, safu ya mwisho, nimeandika:
Starlet nyeupe. Imepona kiasi.