Kadirio

Unaniuliza mimi, mtu wa kutoa kopi:
"Kaka Shomvi, unanipa asilimia ngapi?"

Wiltruda, hesabu niliziacha ubaoni kidato cha pili.
Ninachokijua ni karatasi.
Miaka kumi na moja hapa Rangi Tatu
vyeti vya watu vimelala chini ya kioo hiki,
mwanga ukavilamba kushoto hadi kulia,
wenyewe wakaenda, au hawakwenda,
mimi nikabaki na kurasa zilizotoka zimepinda.

Haya, leta bahasha.

Divisheni wani, pointi nne.
Fizikia A, hisabati A, kemia imekuponyoka kidogo.
Kwa matokeo haya baba yako alichinja jogoo wa jirani,
akamlipa mwisho wa mwezi.
Huko unakoomba, dada, hiyo ni nauli ya kufika mlangoni;
foleni nzima imeshika A zake mkononi.

Fomu inauliza ulikuwa wa ngapi darasani.
Wa pili, kati ya mia na kumi na wawili,
mita ya volti moja,
mkiazimana kama chumvi.
Hilo la chumvi halina mstari wake.

Jina. Cheti cha kuzaliwa: Wiltrudis.
Cha shule: Wiltruda.
Usicheke. Nimeona herufi moja
ikimrudisha mtu na begi lake.
Kesho nenda kwa wakili, uape kwamba wewe ni wewe.

Barua ya Mwalimu Kapufi:
"Ni mtiifu, huwahi namba, hana kesi."
Muhuri umekaa vizuri, sikatai.
Lakini hawa wanatafuta mhandisi, siyo mlinzi wa geti.
Mrudie. Aandike ile pampu ya bweni,
ulivyoifungua usiku kwa mpini wa kijiko
na asubuhi wasichana wakaoga.

Sasa ada.
Nilizidisha dola zao kwa shilingi zetu,
namba ikakosa pa kukaa kwenye simu.
Mgeni anayeomba kusomeshwa bure
huchekechwa mara mbili,
na chekeche la pili lina matundu madogo.

Nikisema kumi, nimekupendelea.
Nikisema moja, mama yako atasema nina kijicho.
Tuseme nne.
Wanaofanana nawe mia, wanapita wanne.

Ukanyamaza.
Mashine ikakohoa, karatasi ikakwama,
nawe, bila hata kugeuka:
"Gia ya kushoto imelika jino."
Fundi wa Kariakoo alikula elfu arobaini yangu
na hakulisikia hilo jino.

Nikapekua fomu juu hadi chini
nikitafuta kisanduku cha sikio.
Hakipo.
Ipo nafasi ya insha. Basi liweke humo.
Usiandike "tangu utotoni ndoto yangu",
hizo nimezichapa hapa mpaka wino umenichukia.
Andika jino.

Na fomu ya Mlimani usiifungie vitumbua.
Pale mgeni ni yule kijana wa Moroni
aliyekuja juzi kutoa kopi ya pasi yake, jasho linamtoka,
akaniuliza swali hili hili lako.
Pale wewe ni mwenyeji,
na nafasi yako naiona bila miwani.

"Naijua Mlimani," ukasema. "Lakini tuma."

Leo vyeti tu; kiapo na barua vitafuata.
Saa mbili kasoro dakika tano usiku tukabonyeza.
Arobaini. Sabini na nane.
Tisini na moja,
umeme ukaenda zake,
mtaa mzima ukaguna kwa pamoja.

Gizani ukacheka wewe kwanza:
"Kaka Shomvi, si ulisema nne?"

Nikataka kukwambia kinyozi ana jenereta.
Ulikuwa umeshatoka na waya.