Nakupa Mji

Vitasa ndivyo vilivyonipeleka, si taa.
Sisi wa Gerezani hatusafiri kwenda kutazama vitu.
Tunasafiri na daftari,
na dola tumezishonea kifuani,
na dagaa wa kukaanga kwenye kopo la maziwa.

Nikafika Guangzhou, nikakuta mji umefungwa.
Viwanda kufuli. Soko kufuli.
Mimi muuza kufuli nimesimama nje
kama niliyesahau ufunguo.
"Mwaka mpya wetu," akasema Subira, wakala wangu
(jina lake Lin; la Subira tulimpa sisi wateja,
kwa anavyotungoja tumalize kulilia punguzo).
"Mpaka mwezi ufike kumi na tano. Mpaka taa."

Siku tano za hoteli, sikuzipangia.
Nilihesabu hasara hadi usingizi ukanikimbia,
nikampigia Mwanahawa dukani:
uza hata zile zenye kutu.

Usiku wa kumi na tano akanivuta mkono.
Jamani.
Mimi nimekulia Buguruni kwa kibatari cha kopo.
Taa kwangu ni moshi puani, ni mafuta ya robo,
ni mama kusema punguza utambi.
Sikujua kuna taa zisizo na kazi:
za samaki, za sungura, moja kubwa kama tangi la maji,
zimening'inia tu juu ya mto,
hazimmuliki mtu anayehesabu chenji.

Chini ya kila taa, kikaratasi.
"Bei?" nikauliza.
Subira akacheka mpaka akashika ukuta.
"Kitendawili," akasema,
kwa Kiswahili alichookota kwenye jumbe zetu za sauti.
Nami, kwa nguvu, kama niko barazani kwa bibi: "Tega!"
Wazee watatu wakageuka.

Akatega:
nyumba ya karatasi, mpangaji wake moto.
Akitoka, giza.
Akijigeuza vibaya, majivu.

Nikajibu kitasa. Akatikisa kichwa.
Nikajibu ndoa. Akafikiri kidogo, akatikisa kichwa.
Nikajibu deni.
Basi, haya. Nakupa mji.
"Mji upi?"

Utotoni tuligawa Makka na Ulaya,
miji tusiyokuwa nayo.
Usiku ule ulimi ukateleza: Dar es Salaam.
Yote. Na Jangwani na mafuriko yake,
na Mburahati, na foleni ya Tazara,
na mama yangu na nyonga yake,
na kaburi la mume wangu pale Kisutu
ambalo mpaka leo sijalijengea.

Subira akafumba macho, kama inavyotakiwa,
akasafiri.
"Nimefika Dar. Nimepokelewa vizuri.
Nimekula, sijui nimekula nini.
Kila mtu ananiuliza bei ya mwisho.
Wote wana sauti, hawana nyuso."
Akafumbua. "Jibu ni taa."

Ilikuwa juu ya kichwa changu muda wote.

Kontena likachelewa wiki sita.
Boksi nne, funguo hazikuingia.

Leo umeme umekatika Gerezani.
Jenereta la jirani linakohoa, halijawaka.
Mwanangu Makame ametia simu, tochi ikiwaka,
ndani ya mfuko wa kaki uliokuja na maandazi,
na dari limekuwa rangi ya chai ya maziwa.
"Mama, kitendawili."
"Ngoja kwanza."

Ujumbe umeingia, sekunde nne:
"Mji wangu haujambo?"

Nje watu wanapapasa vizingiti,
mmoja anamwita mwenzake kwa jina, polepole,
asimkanyage.
Nabonyeza, namjibu:
Haujambo. Giza kidogo.
Wapangaji tumo ndani.