Zamu ya Maji

Jeli ni ya baridi kama mto Rau alfajiri.
Dada wa kipimo anatelezesha kidude
toka kinenani hadi gotini,
na kwenye kioo mguu wa baba unawaka,
nyekundu, buluu,
mashine inavuma: shwaa, shwaa,
halafu, chini ya goti, kimya.

"Hapa pameziba."

Baba, Aikaeli wa Kibosho,
aliyezibua mfongo miaka thelathini
kwa jembe na matusi,
anainua kichwa kitandani:
"Nani yuko zamu huko juu?"

Dada anacheka. Mimi siwezi.
Sukari haijui zamu.
Kidole gumba kinachungulia tundu la soksi,
cheusi,
buni iliyosahaulika mtini.

Nje, mlima umejifunika.
Namfunga kamba za kiatu.
Nazilegeza.